Nusu Saa ya Kugonga Bomba

Miaka ile dhahabu ilipowavuruga watu akili, Nyamisangura, pale Tarime, ilijaa maduka ya koleo, nyundo na kamba, na ya watu waliouza mbao za kuegemeza kuta za maduara, yaani mashimo ya dhahabu. Katikati ya hayo kulikuwa na duka la Dorka la kuazimisha sinema. Kilikuwa chumba kimoja chenye rafu tatu, na feni iliyozunguka ilipojisikia. Maduka mengine mawili ya namna hiyo yalikuwa karibu zaidi na stendi, lakini watu waliyapita wakaenda kwa Dorka. Si kwamba alikuwa na sinema nyingi kuliko wenzake. Walifuata kadi zake.

Kila jalada la DVD alilibandika kadi aliyoikata kwenye boksi la sabuni, na juu yake akaandika maoni yake kwa kalamu ya wino mzito. Hakuazimisha kitu ambacho hajakiangalia mwenyewe, na kusifia ovyo hakuweza hata kama angelipwa. Kwenye sinema moja ya vita aliandika: "Huyu jamaa anapigwa risasi saba na jioni anacheza dansi. Mwenye akili zake atachoka. Watoto watapenda." Kwenye moja ya mapenzi: "Nzuri sana, ila dakika ya thelathini na mbili mtafutie mkwe kazi jikoni." Na ile ya wanyama wa Serengeti, iliyopigwa na wageni, aliiandikia: "Ni nyumbu wetu hawa hawa. Wazungu wanashangaa mwanzo mpaka mwisho. Mwenye shamba lililoliwa na tembo hayumo."

Suala la wakwe halikuwa mzaha. Kwa Wajaluo na kwa Wakurya vilevile, mkwe na mkwe kukaa sebule moja huku watu wanabusiana kwenye runinga ni aibu inayoweza kumfanya mtu mzima aage bila kumaliza chai. Kwa hiyo mteja alipoingia hakuuliza kwanza sinema inahusu nini, aliuliza naweza kuangalia na nani. Dorka alizijua nyumba za watu, aliwajua wakwe zao, na alikuwa na ndugu ng'ambo ya mpaka waliomtumia DVD mpya kupitia Sirari. Akisema "hii weka, hata baba mkwe akiwepo," uliweka bila wasiwasi.

Mumewe, Olima, alikuwa mchimbaji. Alikaa machimboni wiki mbili, akarudi siku nne, akaondoka tena. Siku hizo nne jioni alikaa na mkewe mbele ya runinga. Ikiwa sinema ni ya kupigana aliimaliza, tena akitoa ushauri kwa wanaopigana. Ikiwa ni filamu ya kweli, ya historia au ya wanyama au ya magonjwa, baada ya dakika ishirini kichwa kilikuwa kimelala nyuma kwenye kochi, mdomo wazi. Dorka alishazoea. Alimfunika kitenge akaendelea na kazi yake, maana kwake ile ilikuwa kazi.

Aliyemfundisha kupenda filamu za kweli alikuwa Eugenia, muuguzi kutoka Kagera aliyepangiwa kazi Tarime na ambaye hakutaka kabisa mambo ya kutungwa. Sinema za kupigana ziliingia zikiwa tayari na sauti ya mtafsiri, mmoja wa wale vijana wanaoeleza kwa Kiswahili na kuongeza utani wao wa bure. Filamu za kweli hakuna mtafsiri aliyehangaika nazo, zilikuja na Kiingereza chake. Basi Jumapili baada ya ibada Eugenia alikaa na Dorka, akamweleza mstari kwa mstari, na Dorka akaandika kadi.

Ndivyo ilivyoandikwa kadi ya filamu ya wachimbaji waliofukiwa. Ilikuwa ya nchi moja ya baridi, watu wa makaa ya mawe. Saa ya kwanza ilimshika Dorka hata akasahau kunywa soda yake: mgodi unaporomoka, wanawake wanakusanyika getini, tajiri anasema maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Kisha ikaja nusu saa ya mwisho. Waokoaji wanazima mashine zote, wanaegemeza masikio kwenye bomba la chuma, wanagonga, wanangoja. Chini huko mtu anajibu kwa kugonga. Wanaanza tena. Hakuna muziki, hakuna maelezo mengi, watu wamepiga magoti tu kwenye tope. Siku hiyo Dorka alikuwa ameamka mapema kufua, na subira yake ilishaisha. Akaandika: "Mwanzo utakushika roho. Nusu saa ya mwisho ni watu wanagonga bomba tu. Ukilala hujakosa kitu."

Na hakuishia kwenye kadi. Alilalamika wiki nzima. Kila aliyeingia dukani alielezwa jinsi watu wazima wanavyoweza kugonga bomba nusu saa, na mwenye kamera naye hana aibu, anaendelea kupiga tu. Wachimbaji waliiazima sana filamu ile kwa kuwa iliwahusu. Waliirudisha wakicheka: "Kweli mama, tulipofika kwenye bomba tukazima."

Habari zilimfikia Jumatano mchana, zikiwa zimechelewa siku nzima. Mwendesha pikipiki aliyetoka upande wa Serengeti alisimama mlangoni pa duka, hakuvua kofia, akasema duara la Clement limeporomoka tangu jana asubuhi, na watu wanne wako chini. Akawataja: Filemoni, Heche, Kisyeri, na Olima.

Dorka hakulia. Alifunga duka, akakumbuka kwamba ameacha feni inazunguka, akafungua, akaizima, akafunga tena. Kisha akaenda kwa Eugenia. Eugenia alikuwa anatoka zamu, akachukua mkoba wa dawa bila kuuliza zaidi, na wote wawili wakapanda pikipiki ile ile, saa mbili na nusu za vumbi, wakapita Kenyamonta na ng'ombe zake mpaka kwenye kilima kilichotobolewa kila mahali.

Duara la Clement halikuwa na leseni. Ndiyo maana hakuna aliyekuwa amepiga simu kwa mtu yeyote wa serikali, na waokoaji walikuwa wachimbaji wenyewe wa maduara ya jirani, wanatoa kifusi kwa ndoo. Kila walipotoa ndoo kumi, ukuta ulimwaga nyingine kumi. Wawili walikuwa wameshaumia. Pembeni jenereta lilinguruma kuendesha pampu iliyokuwa chini ya shimo, na maji machafu yalitoka kwenye bomba la chuma yakatiririka kuelekea bondeni.

Wanawake walikuwa nyuma ya kamba, hatua thelathini kutoka kwenye mdomo wa duara. Hiyo ndiyo sheria ya machimbo, haikuandikwa popote na kila mtu aliifuata: mwanamke hakanyagi mdomo wa duara, dhahabu itakimbia. Walikuwa kama arobaini, na kilio kilishaanza. Katikati yao alikaa Wegesa, mama yake Kisyeri, mjane aliyekuwa na mtoto huyo tu wa kiume. Sauti yake ilikuwa imeanza kukauka, lakini hakuacha, na kila alipopungua wengine walimpokea.

Dorka alipouliza hali, mwanamke mmoja alimjibu kwa kunong'ona. "Clement amesema ikifika saa kumi anawatoa watu wake. Anasema wanahatarisha wazima kwa ajili ya maiti."

Ilikuwa saa tisa na robo.

Hapo ndipo filamu ile ilipomrudia Dorka, na haikumrudia vizuri. Aliliona bomba. Lilitoka ardhini palepale mbele yake, limepita katikati ya kifusi, na maji yalikuwa yanatoka. Kama maji yanatoka, bomba ni zima mpaka chini. Kama kuna aliye hai, anaweza kulifikia. Wale watu wa nchi ya baridi walizima kila kitu wakasikiliza, na hapa hakuna aliyesikiliza: jenereta linanguruma, ndoo zinapigwa, wanawake wanalia. Hata mtu akigonga huko chini tangu jana, nani angemsikia? Kisha likaja la pili. Wachimbaji wa kilima kile wote waliiazima filamu, na wote walizima palepale alipowaambia wazime. Aliwaandikia kwa mkono wake kwamba hawajakosa kitu.

Alivuka kamba.

Wanaume waliacha ndoo. Clement alimjia mbele, mtu mnene mwenye miwani ya jua, ambaye hakuwa mbaya kuliko wenye maduara wengine ila alikuwa ameogopa, na hofu ilimfanya awe mkali.

"Mama, rudi. Hapa mwanamke hafiki."

"Dhahabu yako imeshakimbia, Clement," Dorka alisema. "Waliobaki huko ni watu wanne. Zima jenereta tusikilize bomba."

"Nikizima maji yatapanda. Unataka kuwazamisha?"

"Dakika tano haziwezi kuwazamisha. Saa kumi wewe utawazika."

"Hayo umeyatoa wapi?"

"Kwenye filamu."

Mtu mmoja alicheka, akaacha alipoona hakuna mwenzake. Eugenia naye alikuwa ameshavuka kamba na mkoba wake. Akasema kwa sauti ile ya wodini kwamba ni kweli, aliiangalia na yeye, tena watu walipona. Mzee Evodius, aliyekuwa fundi wa pampu hapo kilimani, alijifuta mikono kwenye suruali. "Bosi, bomba ni zima. Lingekuwa limekatika tusingepata maji. Dakika tano, mimi nakubali."

Clement alitazama saa yake. "Dakika tano. Zikipita hizo, washa, na saa kumi watu wangu wanatoka. Na hao akina mama je? Nani atawanyamazisha?"

Swali lilikuwa la haki. Dorka aligeuka akawatazama wanawake arobaini. Unaweza kumwomba mtu maji, au ng'ombe, hata ukamwomba radhi mbele ya watu. Kumwambia mama asimlilie mwanawe ni jambo jingine, halisemwi, na akilisema mke wa mtu ambaye naye yuko kwenye shimo hilo hilo, watu wanaweza kulikumbuka mpaka wajukuu. Alienda akapiga magoti mbele ya Wegesa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Hata katika hali ile aliitikia.

"Mama, naomba unyamaze."

Kilio cha waliokuwa karibu kilikatika kwa mshangao. Mmoja akasema kitu kwa Kikurya ambacho Dorka, Mjaluo, hakukielewa wala hakuhitaji kutafsiriwa.

"Unaniambia nisimlilie Kisyeri?" Wegesa aliuliza.

"Nakuomba usimlilie bado. Tunasikiliza bomba. Kama wako hai watagonga, na tukipiga kelele hatutawasikia."

Wegesa alimtazama muda mrefu, Dorka akaona anapimwa kama mtu anayejulikana na kama mtu asiyejulikana, kwa zamu. Kisha mama yule akachukua pindo la kitenge chake, akalikunja, akalitia mdomoni na kuliuma. Waliobaki walipomwona wakanyamaza mmoja mmoja mpaka nyuma kabisa. Evodius alizima jenereta.

Kimya kilichofuata kilikuwa kibaya. Dorka alilala kifudifudi kwenye tope, sikio kwenye chuma baridi, akasikia maji yaliyobaki yanashuka. Alichukua jiwe akagonga mara tatu. Akangoja. Hakuna kitu. Akagonga tena. Clement alikuwa amesimama juu yake, na viatu vyake havikutulia.

"Mbili," alisema.

Dorka alijaribu kukumbuka ile Jumapili. Olima alikuwa nyumbani, hilo ana hakika, kwa sababu alikula samaki wa Eugenia. Alilala saa ngapi? Alilala kabla wanawake hawajafika getini. Kichwa nyuma, mdomo wazi, kitenge hiki hiki alichojifunga yeye leo. Hakuliona bomba hata kidogo. Aligonga tena mara tatu, kwa hasira sasa, kama mtu anayegonga mlango wa mtu anayemdai maelezo.

"Tatu."

Hakuna kitu. Wanawake nyuma ya kamba walisimama bila kusogea, na mtoto mmoja aliyeanza kulia alitiwa ziwa haraka.

"Nne," Clement alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua ukali. Mpaka leo Dorka anakubali kwamba mtu yule naye alitaka kusikia.

Akagonga mara ya mwisho. Aliacha sikio palepale, akafumba macho. Aliwaza kwamba atakayemwambia mama mkwe wake habari hizi ni yeye mwenyewe.

"Tano. Mura, washa."

Kijana wa jenereta alishika kamba yake ya kuwashia. Dorka aliisikia ikivutwa mara ya kwanza, injini ikakohoa, ikakataa. Na katikati ya kukohoa kule alihisi kitu kwenye meno yake kabla hakijafika sikioni. Kilikuwa kidogo, mbali, chenye kusitasita. Kimoja. Kisha viwili pamoja.

"Acha kuwasha," alisema, bila kupaza sauti.

Evodius alilala kwenye tope upande wa pili wa bomba. Sura yake ilibadilika. Alimwita Clement kwa kidole, na tajiri yule na miwani yake akapiga magoti, akaweka sikio, akakaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Aliposimama alivua miwani. Kisha akawageukia wanaume wake akawaambia waite watu wa kila duara la kilima, na mwenye mbao alete mbao zote.

Hakuna aliyetaja tena saa kumi. Waliingilia ubavuni, kupitia duara la jirani, wakiegemeza mbao kila hatua. Kila baada ya muda waliwasha jenereta kupunguza maji, kisha wakazima, na Dorka akagonga akajibiwa. Sheria ya kamba ilikufa bila kuzikwa. Eugenia alitandika turubai na kupanga vitu vyake. Na Wegesa alikaa palepale na kitenge chake mdomoni. Kila Dorka alipopita alilitoa pindo kidogo akauliza, "Wanagonga bado?" na Dorka akamjibu, "Wanagonga, mama," naye akalirudisha. Aliuliza hivyo mpaka giza likaingia, na kulipokucha aliuliza tena.

Alhamisi saa nne asubuhi walitoboa. Heche alitoka wa kwanza, mkono umevunjika, na Eugenia akamchukua. Filemoni akafuata, anatembea mwenyewe lakini haoni vizuri kwenye mwanga. Halafu akatoka Olima, amejaa tope kuanzia nywele, anakohoa. Walimpa maji. Dorka alimshika uso kwa mikono miwili, likamtoka lile lililomla tangu jana.

"Kumbe ulikuwa macho? Ile filamu uliimaliza?"

Olima alimtazama kama asiyeelewa kwa nini mtu aulizwe hilo. "Filamu gani? Ile ya makaa? Nililala." Akakohoa. "Lakini wewe ulinung'unika wiki nzima. Watu wanagonga bomba nusu saa, watu wanagonga bomba nusu saa. Hata kwenye chakula. Tulipokuwa gizani sikuwa na kitu kingine kichwani. Nikasema basi na mimi nigonge."

Dorka alicheka, na kicheko kiligeuka njiani kikawa kitu kingine, akamshikilia mumewe mpaka alipoweza kupumua. Kwa muda huo hakukumbuka mtu mwingine duniani. Kisha alitazama kwenye tundu walilotokea. Hakuna aliyekuwa anatoka. Wanaume walikuwa wamekaa chini wamevua kofia.

"Kisyeri?"

Olima alitikisa kichwa. "Lile jiwe la kwanza. Jumanne ile ile. Hakusema neno." Akainamisha uso. "Tulimfunika kwa shati la Filemoni. Tuliogonga ni sisi watatu."

Jumanne. Dorka alihesabu bila kutaka. Alipompigia mama yule magoti, Kisyeri alishakufa, siku nzima ilishapita. Kila aliposema wanagonga, mama, alikuwa anamwambia kweli tupu, na kweli hiyo haikumhusu Wegesa hata kidogo. Furaha ya kumpata Olima ilikuwa bado mwilini mwake, ina joto, na aliionea aibu.

Alitaka kumtuma Eugenia, au Evodius, au Clement ambaye ndiye mwenye duara. Hakumtuma mtu. Alienda mwenyewe. Wanawake walimpisha njia, na kwa jinsi walivyompisha alijua wameshajua kuhesabu: wanne waliingia, watatu wametoka. Wegesa alikuwa ameketi, mgongo umenyooka. Alimtazama Dorka mpaka akafika, akamtazama akipiga magoti, na hakuuliza kama wanagonga bado. Alilitoa pindo la kitenge mdomoni taratibu. Lilikuwa limelowa na kuchanika kwa meno.

"Sasa naweza kulia?" aliuliza.

Dorka alikaa kwenye vumbi kando ya mama yule, akamshika mkono, na kwa kuwa Wegesa alikuwa bado anangoja aruhusiwe, akaanza yeye.